Alama inayowaka iwekwe mkononi mwa mchuuzi

Katika vibanda vya Owino, soko ambalo kwa jina rasmi ni St. Balikuddembe, kitaa cha zambarau ndicho hakimu wa noti. Karatasi ikiwaka kwa weupe wa kibuluu chini yake, noti hiyo inatiliwa shaka, kwa sababu karatasi ya noti halali haitiwi dawa ya kung'arisha. Hubaki imefifia, zikionekana tu alama zilizofichwa. Shati jeupe la mtumba likipitishwa hapo huwaka kama mbalamwezi. Sabuni ya unga ina dawa hiyo hiyo. Mama aliyeshika kitaa hahitaji bando wala ruhusa ya ofisa. Anaangalia, anakubali au anakataa.

Kitaa hicho, hata hivyo, hulinda fedha inayoingia tu. Mzigo wenyewe hakina la kusema juu yake. Mfanyabiashara anayetoka Busia au Mutukula na katoni za vipodozi, betri au vipuri hutegemea maneno ya aliyemuuzia, na mzigo ukigunduliwa kuwa bandia hasara ni yake peke yake. Ni kweli Kenya ilianza mfumo wa stempu za ushuru za kisasa mwaka 2013, Tanzania na Uganda zikafuata mwaka 2019. Lakini Uganda ina programu yake ya simu, Kakasa. Tanzania ina Hakiki Stempu. Kenya ina Soma Label. Soko la pamoja ni moja, programu ni tatu! Tena stempu hizo zinahusu bidhaa za ushuru kama bia, soda na sigara. Kwa bidhaa nyingine ipo alama ya ubora, ambayo sheria ya viwango ya Jumuiya ya mwaka 2006 inataka nchi wanachama zitambuliane. Alama hiyo ni mchoro uliochapwa, na mtaa wa Nasser Road, ambako mashine za kuchapa hazilali, hauko mbali na Owino.

Hapa ndipo silikoni inapohusika. Ni kitu kilichomo kwenye paneli za sola na ndani ya kila simu, na kwa kawaida haitoi mwanga wa maana. Mwaka 1990 mwanasayansi wa Uingereza, Leigh Canham, alionyesha kwamba silikoni iliyochimbwa vitundu vidogo mno huwaka nyekundu ikimulikwa. Ikikatwa kuwa chembe za nanomita chache, yaani sehemu chache za bilioni za mita, chembe hupokea miale ya zambarau isiyoonekana na kurudisha mwanga wa rangi. Chembe kubwa kidogo huelekea wekundu, ndogo zaidi huelekea buluu.

Zipo chembe nyingine zinazowaka vizuri kuliko hizo, na uvumbuzi wake ulituzwa Nobel ya kemia mwaka 2023. Lakini nyingi za mwanzo zilitengenezwa kwa kadimiamu, ambayo ni sumu. Silikoni inatofautiana nazo hapo. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walidunga panya chembe za silikoni, wakaona uvimbe ukimulikwa kutoka ndani, na baada ya wiki kadhaa mwili ulikuwa umeziyeyusha na kuzitoa. Alama itakayobandikwa kwenye kopo la maziwa ya mtoto au boksi la dawa haiwezi kuwa ya kadimiamu. Hilo si la kujadiliwa.

Faida ya pili ni ya kibiashara hasa. Dawa ya kung'arisha huzimika papo hapo taa inapoondolewa, ilhali mwanga wa silikoni hudumu maelfu ya mara zaidi, ingawa bado ni muda mfupi kuliko kufumba jicho. Watafiti hutumia ujanja huo kutazama ndani ya mwili: husubiri nyama izimike, kisha hupiga picha ya kilichobaki kikiwaka. Kifaa kidogo kingeweza kufanya vivyo hivyo juu ya katoni, na mwigaji wa kawaida mwenye wino wa kung'aa angeumbuka.

Chembe hizi bado ni za maabara zaidi kuliko za soko, na baadhi ya njia za kuzitengeneza hutumia asidi hatari kuliko ile ya betri. Anayeuza kitu Kampala leo kwa jina la “nano” aulizwe maswali mengi. Lakini mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Hiroshima walitangaza taa ya rangi ya chungwa iliyotokana na makapi ya mpunga, yale yale yanayorundikana kwenye vinu vya Kahama, Mwea na Doho huku mchele ukivuka mipaka.

Serikali za Jumuiya zitakapoketi kuchagua alama ya pamoja, kishawishi kitakuwa kununua mfumo ambao ofisa wa forodha pekee ndiye anaweza kuusoma. Wafanyabiashara waukatae mapema, kupitia vyama vyao. Alama iwe moja kuanzia Mombasa hadi Goma, na kifaa cha kuisoma kiuzwe kwa bei ambayo mwenye meza moja Owino anaweza kuimudu, kama anavyomudu kitaa cha zambarau leo.