Hesabu mbovu dhidi ya Milne wa Amani

Likitajwa jina la Geoffrey Milne, mkemia wa udongo aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, Usambara Mashariki, hakosekani mtu wa kulipunguza. Madai yenyewe nimeyasikia mara nyingi. Hayana uzito sawa, na sitayapa nafasi sawa.

La kwanza: aliandika machache mno kuhesabiwa mkubwa. Kweli, ni machache. Mwaka 1935 alipendekeza katena, yaani msururu wa aina za udongo zinazofuatana kutoka kileleni hadi bondeni na kujirudia kilima baada ya kilima, uchorwe kwenye ramani kama kitu kimoja. Mwaka 1936 akatoa, kwa kushirikiana na wenzake wa nchi jirani, ramani ya awali ya udongo wa Afrika Mashariki, na makala fupi katika jarida la Nature. Alifariki 1942. Ripoti ya safari yake ya kukagua udongo wa Tanganyika, aliyoifanya kati ya Desemba 1935 na Februari 1936, ilichapishwa mwaka 1947, mwenyewe akiwa kaburini.

Sasa fungua kitabu chochote cha kiada cha sayansi ya udongo uone kama katena haimo. Mwaka 1973 lilianzishwa jarida zima la kimataifa lenye jina hilo. Anayeandika neno hilo leo mara nyingi hamtaji Milne, kama vile anayepima pH asivyomtaja aliyeibuni. Wazo likishakuwa mali ya wote, hutoka kwenye takwimu za manukuu. Wanaompima kwa takwimu hizo wanamwadhibu kwa kufaulu.

Dai la pili ni zito zaidi: kwamba aliwachukulia wakulima maarifa yao akayavisha jina la Kilatini. Hapa wakosoaji wana nusu ya haki. Msukuma hakumsubiri mzungu amwambie kuwa udongo hubadilika kadiri unavyoshuka. Juu, chini ya mawe, kuna luseni, mchanga wa mihogo, viazi vitamu na karanga. Chini yake kuna itogolo, yenye tabaka gumu lisilopitisha maji kwa urahisi. Ndiyo maana watu hutengeneza majaruba hapo, mpunga ukasimama majini. Bondeni kabisa ni mbuga, udongo mweusi unaopasuka kiangazi na kunata masika. Watafiti wanatumia majina hayo mpaka leo, na ni haki kila anayefundisha katena ayataje.

Nusu ya pili siikubali. Alichoongeza Milne ni maelezo ya mwendo: maji yanayoshuka hubeba chembe na chumvi, huondoa huku na kulundika kule, hivyo udongo wa bondeni hauelezeki bila ule wa juu yake. Mmomonyoko wa kawaida, alisema, ni sehemu ya kuumbika kwa udongo, si uharibifu tu. Tena akatenganisha hali mbili: kilima chenye mwamba wa aina moja, na kilima ambacho mwamba wenyewe hubadilika njiani. Hoja hiyo ndiyo iliyowezesha wazo lake kutumika mbali na Usukuma.

Wapo wanaosema setilaiti zimemzeeshea kazi. Hili halihitaji maneno mengi. Ramani za kidijitali za udongo hukisiwa kwa mwinuko, mteremko na mahali maji yanapokusanyika. Hiyo ni katena iliyotiwa kwenye kompyuta.

Eti pia hakumsaidia mkulima. Waseme hivyo wasiojua habari za kahawa ya Usambara. Wajerumani waliona msitu mnene wakadhani ardhi ina rutuba isiyokwisha. Wakafyeka, wakapanda, na mashamba yakawavunja moyo. Mwaka 1937 Milne aliandika juu ya udongo huo na namna ya kuutunza mashambani. Ni udongo uliooshwa na mvua. Rutuba yake imo katika tabaka jembamba la juu, linalolishwa na majani ya msitu wenyewe. Ukiuondoa msitu umeondoa mbolea.

Limebaki moja, la kejeli: kama alikuwa na ushawishi, mbona Waingereza walikwenda kulima karanga Kongwa? Mradi ulianza 1947 na kuachwa 1951, ukiwa umemeza takribani pauni milioni 36. Udongo wa pale ukikauka huwa mgumu kiasi kwamba karanga hazing'oleki. Ramani ya Milne ilikuwa imekwishachapishwa miaka 11 kabla ya trekta la kwanza. Kosa hilo waulizwe walioharakisha mradi bila kuchunguza ardhi kwanza. Milne alikuwa amekufa miaka mitano.