Maziwa kukukataa si maringo

Kuna utani hapa Kitengela ambao umenichosha. Mtu akiitisha strungi kwa nyumba yenye maziwa, anaambiwa anajifanya mzungu. Akiwa Mmasai ndio balaa: "Wewe ni Mmasai gani?" Wacha niseme wazi, huo utani hauna kichwa wala miguu, na kuna watoto unaowaumiza.

Tuanze na tumbo. Sukari ya maziwa inaitwa laktosi. Ili mwili uitumie, lazima ikatwe vipande viwili, glukosi na galaktosi, na kisu chake ni protini inayoitwa laktesi, iliyokaa kwenye ukuta wa utumbo mwembamba. Mtoto mchanga huwa nayo tele. Ukubwani, karibu thuluthi mbili ya watu duniani huwapungukia. Laktosi isiyokatwa inateremka hadi utumbo mpana, bakteria wanaipokea kwa shangwe, na hapo gesi na mbio za choo zinaanza. Kwa hivyo mwenye strungi ndiye wa kawaida. Sisi wa lita nzima ndio tulibadilika.

Tulibadilikaje? Hapa ndipo napapenda. Jeni ya laktesi, LCT, iko kwenye kromosomu ya 2, lakini swichi yake iko ndani ya jeni ya jirani, MCM6. Ni kama ploti zetu za huku, mita yako ya stima iko kwa nyumba ya mwingine. Na huyo jirani hana habari na maziwa kabisa: protini yake inaungana na wenzake watano kufungua DNA wakati seli inajiandaa kugawanyika. Mwaka wa 2007 timu ya Sarah Tishkoff ilichapisha utafiti wa watu wa Kenya, Tanzania na Sudan. Walikuta kwamba kwa wafugaji wengi wa Kenya na Tanzania, herufi moja kwenye hiyo swichi, G, imegeuka C. Baadaye ikaonekana maabarani kwamba protini nyingine, Oct-1, inaishika swichi yenye C kwa nguvu zaidi, na LCT inabaki imewashwa hadi uzeeni. Wazungu wana herufi yao tofauti, karibu na hapo hapo. Yetu haikutoka kwao bana, ilienea hapa na ng'ombe wetu.

Lakini haikumfikia kila mtu. Ndani ya boma moja Kajiado, ndugu wa tumbo moja wanaweza kutofautiana. Na wamama wa Kimasai walikuwa na jibu kitambo: kule naoto, maziwa yaliyochachishwa kwenye kibuyu. Bakteria wanakuwa wameshakula sehemu ya laktosi kabla wewe hujaonja.

Wakubwa wetu waliokunywa maziwa ya Nyayo shuleni, yaliyoanza 1979, waulizeni. Wengine watawaambia utamu, wengine watacheka na kutaja choo.

Sasa walimu na wazazi, mtoto akisema maziwa yanamsokota, msimlazimishe amalize kikombe mbele ya wenzake. Mpeni maziwa lala, ama nusu kikombe pamoja na chakula; wengi wenye laktesi kidogo huhimili hicho kiasi. Akivimba midomo au kutokwa na vipele, hiyo ni mzio, si habari ya laktesi, mkimbizeni hospitali.

Na mgeni akiitisha strungi, muulize tu kama anataka tangawizi.