Mtoto akidhurika kwa chanjo: Kadari haifuti haki



Ndugu msomaji, homa ya siku moja mbili au uvimbe mdogo baada ya chanjo ni jambo la kawaida. Lakini mara chache sana hutokea mtoto akapata madhara makubwa, mathalani mguu kulemaa kwa sindano iliyochomwa pasipostahili. Hapa Migato mzazi huyo huambiwa, “Ni kadari ya Allah, subiri.”

Kweli, kila jambo ni kwa kadari Yake. Lakini Allah huyo huyo, katika Suratun Nisaa aya ya 92, ameweka diya hata kwa aliyeua kwa bahati mbaya. Na mafakihi wakasema diya hiyo ichangwe na jamaa wa muuaji, asielemewe mtu mmoja.

Uingereza wana malipo ya namna hiyo tangu 1979, na mfuko wa Marekani ulianza 1988. Mwaka 2021 WHO na washirika wake walianzisha fidia kwa nchi 92, Tanzania ikiwemo, kwa madhara makubwa ya chanjo za UVIKO-19 zilizopitia COVAX. Mdai hakutakiwa kuthibitisha uzembe. Chanjo za watoto hazikuhusika.

Kwetu mzazi hubaki na mahakama, nako lazima athibitishe uzembe. Akiishtaki Serikali atoe kwanza notisi ya siku 90. Na madai ya madhara yana ukomo wa miaka mitatu. Je, kama hakuna aliyezembea? Mtoto huambulia patupu! Tunachanja watoto ili kukinga jamii nzima. Basi jamii nzima, kupitia Serikali, ichangie mfuko wa fidia.

Wakati tukidai hilo, tusikae bure. Suratul Baqara aya ya 282 inatufunza kuandikiana na kuweka mashahidi. Tunza kadi ya kliniki. Hakikisha tarehe, aina ya chanjo na namba ya toleo vimeandikwa. Ukiona dalili mbaya, rudi kituoni siku hiyo hiyo, uombe fomu ya madhara ijazwe na ipelekwe TMDA. Weka nakala, kisha muone msaidizi wa kisheria.

Wala asitokee mtu akaacha chanjo kwa hofu. Surua na pepopunda vinaua. Chanja mwanao, na karatasi zake zitunze.

Wabillah tawfiq.