Bamba si Hirizi

Umeingia mtindo katika vijiji vyetu vya ukanda wa reli, nami nauita kwa jina lake: ushirikina wa chuma. Mtu akipata gari la kazi, pikapu au Land Cruiser inayovuta kwa magurudumu yote manne, jambo la kwanza analolifikiria si breki wala taa. Anataka bamba. Anataka chuma kipana na kinene kifungwe chini ya tumbo la gari, kisha akipige teke mbele ya rafiki zake wasikie kinavyolia. Baada ya hapo huamini kuwa gari lake limekingwa na kila jiwe lililoko kati ya Mpwapwa na Chipogoro. Mimi naishi Gulwe, nimeona magari mengi yakitolewa makorongoni kwa kamba, na nasema bila kumung'unya maneno: bamba la namna hiyo ni hirizi. Linampa mwenyewe moyo, lakini halimpi kinga.

Naomba nieleweke, ndugu msomaji. Sisemi kwamba bamba halifai. Barabara yetu ya kwenda Kibakwe na Rudi ina mawe, ina mchanga, ina makorongo ambayo wakati wa kiangazi ni njia na wakati wa kifuku ni mito. Sampu ya injini ni ganda jembamba tu. Jiwe moja likilipasua, mafuta yote humwagika, na dereva asiyezima mara moja hunoki injini. Kwa njia kama hizi kinga ni lazima. Ninachopinga ni kuchagua kinga kwa macho na kwa sauti ya teke, bila kuuliza swali moja ambalo ndilo msingi wa mambo yote: bamba hili limeshikiliwa na nini?

Hapa sharti tuingie chini ya gari. Chasisi ni miti miwili mirefu ya chuma, mmoja kulia na mwingine kushoto. Miti hiyo imeunganishwa na vyuma vinavyokatiza kutoka upande mmoja hadi mwingine, na kila kimoja mafundi hukiita krosimemba. Katika magari mengi ya aina hii, krosimemba iliyoko katikati ndiyo inayobeba mkia wa giaboksi pamoja na transfa, ile giaboksi ya pili inayopeleka nguvu mbele na nyuma. Injini hukaa kwenye mauntingi zake za mbele, na huku nyuma uzito wote hukalia mauntingi ya mpira iliyo juu ya krosimemba hiyo. Kwa hiyo krosimemba si kipande cha kuongezea. Ni mgongo. Bamba ni ngozi tu juu ya mgongo huo.

Sasa angalia watu wafanyavyo. Hununua ngozi nene na kuifunga kwenye mgongo uliooza. Kijana mmoja mwenye pikapu aliniambia, "Shikamoo mzee. Njoo uone, hili ni la milimita nane." Nikaitikia, nikamwuliza, "Mwanangu, limefungwa wapi?" Akachuchumaa kuchungulia, kwa maana hakuwa anajua. Lilikuwa limeshikwa mbele kwa vipande viwili vya bati, na nyuma kwa bolti zilezile zinazobeba mauntingi ya giaboksi. Maana yake ni kwamba kila jiwe litakalogonga chuma kile, pigo lake halitaishia kwenye chasisi. Litapanda moja kwa moja hadi kwenye giaboksi, ambayo ganda lake ni la alumini na halipendi nyundo. Gari lile lingekuwa salama zaidi bila bamba lolote, kwa sababu walau dereva angekwenda taratibu.

Sisi watu wa Gulwe hatuna udhuru wa kutolielewa jambo hili, maana reli imetufundisha. Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, wakafika Kigoma 1914, na katika sehemu yetu waliipitisha kwenye bonde la mto. Mwishoni mwa Desemba 2009 na kuingia Januari 2010, mafuriko yaliharibu njia kati ya Kilosa na Gulwe, na kwa miezi kadhaa treni za abiria hazikuweza kupita. Je, chuma cha reli kilikatika kwa wembamba? Hasha! Maji yalichukua tuta, na reli ikabaki inaning'inia hewani kama kamba ya kuanikia nguo. Hata ungeweka reli nene mara mbili, ingening'inia vilevile. Kinachobeba kikiondoka, kinachobebwa hakina kazi.

Kosa la kwanza, basi, ni kuabudu unene. Hesabu yake ni rahisi. Bamba la chuma lenye urefu wa mita 1, upana wa sentimita 80 na unene wa milimita 8 lina uzito wa kilo 50 hivi. Hilo ni nusu gunia la mahindi ambalo hulishushi kamwe, unalisafirisha bure mwaka mzima, unalilipia dizeli na springi. Bamba la ukubwa uleule la milimita 4 ni kilo 25. Atakayesema kuwa jembamba hukunjika, namkumbusha bati la paa. Bati ni jembamba sana, lakini fundi hupanda juu yake kwa sababu ya migongo yake. Vivyo hivyo, bamba la milimita 4 lililokunjwa kingo na kupigwa migongo miwili litavumilia mengi. Isitoshe, kazi ya bamba ni kuteleza juu ya jiwe. Halikuwekwa ili lishindane nalo. Likibonyea kidogo na kurudi kazini, limefanya kazi yake, mradi liliachiwa nafasi kati yake na sampu.

Wengine siku hizi wanasifu alumini. Ni kweli ni nyepesi: bamba lilelile kwa unene wa milimita 6 halifiki kilo 14. Lakini alumini ni laini, jiwe kali huichimba na kuing'ang'ania badala ya kuteleza. Tena ikipasuka, kuichomelea kunahitaji mashine ya gesi na mkono uliozoea. Chuma cha kawaida huchomelewa kwa mashine iliyopo katika gereji nyingi za wilayani. Mtu wa Dar es Salaam anayekwenda porini mara mbili kwa mwaka achague alumini akipenda. Anayebeba vitunguu kutoka Lumuma kila wiki achague kile kinachotengenezeka karibu na nyumbani.

Kosa la pili ni kuchomelea. Nalisema hili kwa ukali kwa kuwa limezoeleka. Krosimemba ikilegea au tundu zake zikipanuka, mwenye gari humwambia fundi, "Ichomelee kwenye chasisi tumalize." Hapana, ndugu zangu! Joto la kuchomelea hubadili chuma pembeni mwa mshono, na hapo ndipo ufa huanzia gari linapopindwa-pindwa na mashimo. Na hata ufa usipotokea, siku ya kubadilisha klachi itafika. Klachi haitoki mpaka giaboksi ishuke, na mara nyingi giaboksi haishuki mpaka krosimemba iondolewe. Kazi iliyokuwa ya spana, jeki na nguvu za watu watatu inakuwa kazi ya kukata chuma kwa moto karibu na tangi la mafuta. Kitu kilichofungwa kwa bolti kilifungwa hivyo kwa akili. Bolti ya milimita 10 yenye alama ya 8.8 kichwani hustahimili mvuto wa zaidi ya tani 3 kabla ya kuanza kurefuka. Zifunge nne zenye alama hiyo, si zile za kuokota dukani zisizo na alama yoyote, na hutahitaji moto.

Kosa la tatu ni kununua krosimemba ya badala kwa sababu tu ni ngeni na imepakwa rangi nzuri. Wamarekani wana somo hapa. Katika Jeep Wrangler ya mfano wa TJ, iliyotengenezwa hadi 2006, bamba la chini ya transfa ndilo lenyewe krosimemba: ukilifungua bila kuweka jeki, giaboksi inashuka. Chuma hicho huning'inia chini sana, kwa hiyo wapenda milima wakawa wananunua kingine kilicho bapa, kinachopandisha giaboksi juu. Tumbo likapanda kweli, lakini pembe ya propela nayo ikabadilika, gari likaanza kutetemeka, na wengi wakalazimika kununua propela nyingine. Wao walijua kwa nini wanafanya hivyo, na maduka ya vipuri waliyanayo. Sisi tukiiga nusu ya jambo, tutabaki na mtetemeko bila propela. Krosimemba iliyotoka kiwandani ikiwa nzima, iache. Ikiwa imeoza au imepinda, tafuta inayolingana nayo kwa kipimo cha tundu, kwa kimo cha mauntingi na kwa nafasi ya egzosi. Iliyotumika lakini iliyonyooka ni bora kuliko mpya isiyolingana.

Najua nitajibiwa kwamba mwenye fedha yake haulizwi. Kwa gari la kutembelea sina neno. Lakini gari la kijijini si la mwenyewe peke yake. Usiku mama mjamzito anapozidiwa, hodi hupigwa kwa mwenye gari, na gari hilohilo la kubebea karanga ndilo linalokwenda hospitali Mpwapwa. Likikwama kwenye korongo kwa sababu giaboksi imepasuka chini ya bamba la milimita 8, aliyemo ndani hakuchagua bamba lile. Kwa hiyo nauliza, na nitaendelea kuuliza.

Nitajibiwa pia kwamba mafundi wetu hawawezi. Huo ni uzushi. Fundi wa wilayani anaweza kabisa kukata, kukunja na kutoboa bamba zuri, ila huagizwa vibaya. Mwagize hivi. Bamba lishikwe na chasisi na krosimemba zenyewe, lisishikwe na giaboksi wala bolti za mauntingi. Liwe vipande viwili au vitatu, ili mtu mmoja aweze kushusha kimoja akiwa amelala chali. Vipande vipandane kama mabati ya paa, cha mbele kikifunika ukingo wa cha nyuma kwa chini, ili jiwe lisipate mahali pa kukamata. Vichwa vya bolti vizamishwe, visichomoze vikakatwa na mawe. Liachwe tundu la kumwagia oili, na tundu nyingine za kutolea maji na tope, kwa maana tope la sentimita 2 tu juu ya bamba zima hufika karibu kilo 30. Na wakati wa kiangazi likaguliwe kila jioni, kwa sababu nyasi kavu hujikusanya juu yake karibu na egzosi, na magari yameungua kwa nyasi hizo.

Bamba lililofungwa hivyo halina mlio mzuri wa teke. Halionekani hata mtu akipita karibu. Gharama yake kubwa ni muda wa kulala chini ya gari na tochi, kukagua mgongo kabla ya kuuvisha ngozi. Na bado, likishafungwa, utingo ashuke kila mara kwenye korongo asilolijua, apime kina kwa fimbo, aulize wenyeji jiwe liko wapi. Mwenye hirizi huona haya kuuliza. Mwenye kinga huuliza, akavuka, akafika.