Kisu Kinachongojwa na Kisu Kilicho Jikoni



Wiki mbili zilizopita, baada ya darsa ya kina mama ya Alasiri, mama mmoja alibaki nyuma akingoja wenziwe waondoke. Walipokwisha kutawanyika, alifungua pembe ya leso yake, akatoa kitu kidogo, akakiweka mbele yetu juu ya mkeka. Kilikuwa kisu cha kukunja kilichochongwa kwa mti. Mpini wake mti, bapa lake mti, na ndani ya mpini kimepachikwa kijiti chembamba cha mwanzi. Tulipokifungua, kijiti kile kilifyatuka kikasimama nyuma ya bapa, na kisu kikakataa kukunjika mpaka tukakisukuma kijiti kwa kidole gumba.

"Sheikh," akatwambia, "nimekikuta katika mfuko wa suruali ya mwanangu nilipokuwa nikifua. Leo ni cha mti, kesho kitakuwa cha chuma. Usiku halali, yu na simu mkononi akitazama visu. Asema kuna kisu kipya kitatoka Marekani, na kuna watu wengi wanakingoja, naye ni mmoja wao. Najiuliza, mtoto anayengoja kisu, angoja nini hasa?"

Swali hilo si dogo. Katika miji yetu wako kina mama waliokosa usingizi kwa sababu ya kisu. Wengine wameletewa watoto wao wakiwa na majeraha, na wengine huenda kuwatazama watoto wao gerezani. Hofu ya mama huyu haikuwa upuuzi, nasi tunakiri kwamba nasi tuliingiwa na hofu. Kabla ya kumwona kijana mwenyewe, tulikwisha kumdhania mabaya. Tukamwomba mama atuletee mwanawe baada ya Isha.

Alikuja peke yake. Ni kijana wa miaka kumi na tisa, anajifunza useremala kwa fundi mmoja wa mtaani. Alitupa mkono, akakaa kitako, akainamisha kichwa kama mtu anayengoja kukaripiwa. Tulipomuuliza, "Mwanetu, wangoja nini?" hakujibu. Tulipokitoa kile kisu cha mti na kumwambia atuonyeshe namna komeo lake linavyofanya kazi, uso wake ulikunjuka, akazungumza mpaka chai ikapoa.

Alitueleza kwamba wako watu, huko Marekani, Ulaya na Japani, wanaopenda visu vya kukunja kama wengine wapendavyo saa au njiwa. Mafundi na viwanda hutangaza kisu kipya mapema kabla hakijauzwa. Vielelezo vya kwanza huonyeshwa katika maonyesho makubwa, kama yale ya Las Vegas ya mwezi wa Januari na yale ya Atlanta ya katikati ya mwaka. Tangu hapo wapenzi wake huanza kuhesabu miezi. Hujadiliana juu ya urefu wa bapa, aina ya chuma cha pua, umbo la mpini, hata skrubu zake. Wako wanaoweka fedha kando kwa ajili ya kitu ambacho mikono yao haijakigusa.

Tukamtaka atupe mfano mmoja wa kisu kinachostahili kungojwa hivyo. Akatutajia kisu kiitwacho Sebenza.

Aliyekibuni ni fundi Chris Reeve, mwenyeji wa Afrika Kusini aliyehamia Boise, katika jimbo la Idaho nchini Marekani, mwaka 1989. Jina la kisu chake alilichukua kutoka Kizulu, na maana yake ni kufanya kazi. Ajabu yake iko katika komeo. Kisu cha kukunja kina hatari moja kubwa, nayo ni kujikunja chenyewe mtu akiwa anakata, kikamfumbia vidole. Kabla ya Reeve, fundi mwingine wa Marekani, Michael Walker, alikuwa ameshatengeneza komeo la bati jembamba linalokaa ndani ya mpini na kufyatuka nyuma ya bapa. Reeve aliliondoa bati hilo, akaupasua upande mmoja wa mpini wenyewe, ulio wa titaniamu, ili sehemu yake ifyatuke na kulizuia bapa. Mpini ukawa ndio komeo. Hata mkono unapokaza kukishika kisu, hukaza na komeo lake pia.

Kisu hicho kimeuzwa kwa zaidi ya miaka thelathini, na umbo lake halijabadilika sana. Mwaka 2019 ulipokaribia kwisha, lilitoka toleo lake liitwalo Sebenza 31. Tulipouliza lina jipya gani, kijana alitabasamu. Mahali komeo linapogusana na bapa pamewekwa gololi ndogo ya kauri ili pasilike upesi. Na kile kibanio cha kukishikiza kisu mfukoni kimesogezwa kidogo ili kisilikalie komeo. Mambo mawili madogo kama hayo ndiyo yaliyowafanya watu wazima wabishane.

Tulicheka, naye akacheka. Lakini kicheko kilipokwisha tulijiona tumejifunza jambo. Fundi aliyeacha kitu chake kikae miaka mingi, akawa akikitafuta ila na kukiondolea moja baada ya moja, si mtu wa mchezo. Wengi wetu kazi ikitushinda kidogo huitupa tukaanza nyingine.

Tena kisu kidogo cha kukunja si kitu kigeni kwetu sisi tuliosoma vyuoni zamani. Mwalimu wetu alikuwa nacho kimoja, mpini wake wa pembe, bapa lake limelika kwa kunolewa mpaka likawa jembamba kama jani la mpunga. Kazi yake ilikuwa moja tu, kuchongea kalamu za mwanzi. Alikuwa akiikata ncha mshazari, kisha akaipasua katikati ili wino upite, na wanafunzi tukimtazama kimya. Kwa miaka mingi tuliingoja siku atakayotupa kisu kile mkononi. Na hata Ulaya, visu vidogo kama hivyo vilitumika kuchongea kalamu za manyoya ya ndege, ndiyo maana Waingereza mpaka leo hukiita kisu cha mfukoni kwa jina la kisu cha kalamu. Basi kitu hiki kimewahi kuwa chombo cha elimu, na anayekishika si lazima awe mhuni.

Haya tulimweleza mama siku ya pili yake. Tukamhadithia na habari za vijana wengine wawili. Wa kwanza ni Joseph Opinel, wa milima ya Savoie nchini Ufaransa, katika ukoo wa wahunzi wa zana. Mwaka 1890, akiwa na umri wa miaka kumi na minane, alibuni kisu cha kukunja chenye mpini wa mti, rahisi, cha mkulima na mchungaji. Kisu hicho kinauzwa mpaka leo. Mwaka 1955 kiliongezewa pete ya chuma shingoni, ambayo mtu akiizungusha bapa halijikunji.

Wa pili ni Karl Elsener, aliyefungua karakana yake katika kijiji cha Ibach, Uswisi, mwaka 1884. Wakati ule askari wa Uswisi walikuwa wakinunuliwa visu kutoka Solingen, Ujerumani. Elsener aliona mafundi wa nchi yake wanaweza kazi hiyo, na mwaka 1891 akakabidhi visu vya kwanza kwa jeshi. Mwaka 1897 akasajili kile kisu chenye vifaa vingi ambacho wengi wetu tumekiona, chekundu, chenye msalaba mweupe. Mama yake alipofariki mwaka 1909, Elsener alizipa bidhaa zake jina la mama huyo, Victoria. Baadaye, ilipoanza kutumika pua isiyoshika kutu, jina likaongezewa herufi chache, likawa Victorinox.

Mama yule alinyamaza kitambo. Kisha akauliza, "Yaani kila kisu hicho kimebeba jina la mama wa mtu?" Tukamwambia ndivyo.

Lakini, wasomaji wetu, tusiegemee upande mmoja. Kijana naye tulikuwa na maneno yetu kwake, na tunayaandika hapa kwa kuwa yanawahusu vijana wengi, hata wasiopenda visu. Anayengoja simu mpya na anayengoja viatu vipya ni ndugu zake.

Neno la kwanza ni la fedha. Kisu kama hicho alichotusifia huuzwa kwa zaidi ya dola 300, na hizo ni zaidi ya shilingi 35,000 za kwetu. Kwa mwanafunzi wa useremala, fedha hizo zaweza kumnunulia randa, msumeno na patasi za kuanzia maisha. Wenyewe wapenzi wa visu wanakubali kwamba wako wanaokinunua kisu kizuri wakakitia sandukuni, kisikate hata kamba, kwa kuogopa kukitia mkwaruzo. Na kabla hakijatoka sandukuni, wameshaanza kungoja kingine. Wazee walisema kipya kinyemi, kingawa kidonda. Kisu kilichopewa jina la kazi, kikanyimwa kazi, kimedhulumiwa.

Neno la pili ni la sheria. Nchini kwetu ni kosa kubeba silaha hadharani pasipo sababu ya halali, na askari anayekupekua usiku hatakuuliza mpini ni wa titaniamu au wa mti. Chombo cha kazi na kikae pahali pa kazi. Na kwa kuwa aila zetu nyingi zina jamaa Uingereza, wajue pia kwamba huko kisu cha kukunja kisicho na komeo, ambacho makali yake hayazidi inchi 3, chaweza kubebwa. Lakini chenye komeo, hata kikiwa kidogo, hakibebwi hadharani bila sababu njema. Kijana akitumiwa zawadi kama hiyo na binamu yake, au akisafiri nayo, asije akaponzwa na kitu alichokipenda.

Neno la tatu halikuwa letu. Lilitoka kwa mama mwenyewe. Tuliwakutanisha wote wawili, na kijana akawa anamweleza mamake tofauti ya aina za chuma, hiki hushika makali muda mrefu, hiki hakishiki kutu, hiki hunoleka upesi. Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwa upole, "Mwanangu, mwezi mzima sasa kisu changu cha jikoni hakikati nyanya. Samaki namkata kwa kumsukuma. Wajua visu vya Marekani vyote, hiki cha mamako hujakijua?"

Kijana hakuwa na la kusema, nasi pia hatukuwa nalo, kwa kuwa tulikumbuka kwamba na kisu cha nyumbani kwetu hali yake ni hiyo hiyo. Ni wangapi kati yetu hukumbuka kinoo siku ya Idi ya kuchinja tu, mnyama akiwa ameshalazwa? Tuliosoma tunajua vyema kwamba kumtesa mnyama kwa kisu butu si katika adabu ya kuchinja, wala kumchosha mama kila siku kwa kisu butu si katika adabu ya nyumba.

Hatukumkataza kijana kungoja. Kungoja kitu kizuri kilichofanywa kwa mkono mzuri si dhambi, na huenda ikawa ndiyo njia ya mtu kuipenda kazi. Tulimwambia tu asiache mbachao kwa msala upitao. Mkono unaojua kunoa kisu butu utajua la kufanya na kisu kizuri kikifika. Mkono usiojua hilo, hata ukipewa kisu bora cha dunia, utakifanya butu kama vile vingine. Na mama tulimwomba jambo moja, kwamba akikuta kitu asichokielewa katika mfuko wa mwanawe, aanze kwa kumuuliza mwenyewe. Kijana aliyeulizwa kwa utulivu husema mengi. Aliyevamiwa hujifunza kuficha.

Juma lililofuata alikuja mtoto mdogo mlangoni kwetu na sahani imefunikwa. Ndani mlikuwa na kachumbari, vitunguu vimekatwa vyembamba hata vinaonyesha upande wa pili. Mtoto akasema, "Mama asema mtazame vitunguu." Tuliyafahamu maneno hayo.

Baadaye tulisikia kwamba majirani wawili wamepeleka visu vyao kwa kijana yule, na mmoja amempa shilingi hamsini. Kile kisu chake cha mti tulimrudishia. Amesema atakitengeneza tena, kwani kijiti cha mwanzi kimeanza kulegea, na anatafuta mti mgumu zaidi.

Basi wiki hii, kila nyumba isomayo safu hii, na itoe visu vyake vya jikoni mezani na kumwita kijana wake. Asaa mazungumzo yakaanzia hapo.