Sekunde Kumi na Tatu
Mnaoniuliza lini nitaiongezea memori sampla yangu, MPC60 ya Akai, jibu ni hili: siiongezei. Ilitoka 1988 ikibeba sauti ya sekunde 13 hivi. Ukipachika kadi ya ziada zinakuwa 26. Za nini? Maprodyuza wa hip hop, wakibanwa na sekunde 10 za SP-1200, walichezesha santuri ya mizunguko 33 kwa mwendo wa 45, wakairekodi, kisha wakaipunguza kasi ndani ya mashine. Ule mkwaruzo mnaouabudu ulizaliwa na uhaba huo. (Biti 12 nazo zilichangia, sawa.) Leo mnataka mkwaruzo na nafasi tele pamoja! Anayetaka dakika nzima ana laptopu. Mimi zimenibakia sekunde nne, na besi bado sijaingiza.