Koko Si Mchawi, Anaenda Kupokea Ndagala

Ndugu zangu wa kambini, na ninyi wa mashirika, leo sitawabembeleza.

Koko yangu anaamka saa kumi za usiku, anafungua mlango, anashuka ziwani. Majirani wa hapa Rumonge walimwona mara tatu, nne, wakamaliza kesi: mwanamke mzee anayetembea usiku peke yake ni mchawi. Watoto wakaanza kumfuata na mawe. Na sisi wa nyumbani je? Tulimfunga kamba mguuni. Mimi mwenyewe, kijana wa semina za haki za watoto, ndiye niliyekaza fundo.

Hakuna aliyeuliza anaenda wapi. Kabla ya kuvuka ziwa Januari 2018, tukikimbia vita ya Fizi, koko alikuwa anauza ndagala kule Baraka. Wavuvi wanatoka jioni na taa zao, wanarudi alfajiri, na mama anayechelewa ufukweni anapata mabaki. Miaka arobaini aliamka saa hiyo. Kichwa kimesahau vita, kimesahau hata jina langu, lakini miguu haijasahau kazi. Uchawi wake ndio huo tu.

Ni ugonjwa, na una jina: dimensia. Shirika la Afya Duniani linasema mwaka 2021 watu milioni 57 duniani walikuwa nao, na wengi wao wako kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati, kama zetu. Wote hao ni wachawi? Tusicheke, neno hilo linaua. Oktoba 2021, Kisii, Kenya, wanawake wazee wanne waliuawa kwa kusingiziwa uchawi.

Watu wa mashirika, mnapenda kutuita kwenye uhamasishaji: bango, soda, picha, kwisha. Jirani aliyeogopa asubuhi, jioni bado anaogopa. Kwetu kilichobadilisha kitu ni mazoezi ya kwaya ya vijana. Siku moja sikuwa na mtu wa kumwachia koko, nikaenda naye, nikamkalisha kwenye mkeka. Tulikuwa tunajaribu wimbo wa zamani wa kupigia kasia, tunaukosea. Akapiga mkeka kwa kiganja: hapana! Akaanza mwenyewe, beti zote, kwa Kibembe, sisi tukaitikia. Mama jirani, yule yule aliyewakataza watoto wake kupita mlangoni petu, alisimama na ndoo kichwani mpaka mwisho. Kesho yake alikuja kuuliza maneno ya ubeti wa pili.

Si muujiza. Nyimbo za ujanani mara nyingi hubaki wakati mengine yamefutika. Na muziki hautibu: koko bado ananiita kwa jina la kaka yake aliyekufa, na wako wanaotema mate akipita. Ila ni vigumu kumrushia jiwe mtu aliyekufundisha wimbo.

Mtaniambia: njaa kwanza, chakula kimepunguzwa, wewe unatuletea ngoma. Kweli njaa ipo. Lakini mkeka na makofi havipunguzi mgao wa mtu. Kwaya za makanisa ziko, kasida za madrasa ziko, ngoma za Warundi ziko. Siombi mradi mpya wala fulana. Naomba nafasi moja kwenye mkeka ambao tayari umetandikwa.

Viongozi wa kwaya, fanyeni mazoezi asubuhi, maana jioni wengi wa wagonjwa hawa wanachanganyikiwa zaidi. Zimeni spika. Ulizeni walicheza nini ujanani: aliyekuwa kijana mwaka 1960 anaijua Indépendance Cha Cha kuliko nyimbo zenu za simu. Anayemtunza naye akae aimbe, hajalala usiku kucha. Mzee akichoka, mwacheni aondoke. Na msimpandishe jukwaani Juni 20 ili apigwe picha, halafu Juni 21 mumsahau. Hapo nani ana ugonjwa wa kusahau?

Kamba tuliifungua. Siku hizi saa kumi za usiku tunashuka naye kwa zamu, mimi na vijana wawili wa kwaya. Boti zinaingia, anauliza bei, anasema ni ghali, tunarudi nyumbani.

Na wewe uliye kambini, mbali na ziwa: yule mzee wa jirani yako anayetoka usiku, anaenda wapi? Umemuuliza?